Faiba Imefika Mlangoni, Mita Kumi za Mwisho Ni Zako

Fundi akishabana kile kikebo chembamba cheusi ukutani, husimama mita moja kutoka kwenye kisanduku kinachopokea faiba, hufungua programu ya kupima kasi kwenye simu yake na kukuonyesha namba: Mbps 200, yaani megabiti 200 kwa sekunde. Unatia saini, anapanda pikipiki, kwaheri. Usiku huohuo mtoto anatoka chumbani kulalamika kwamba video inazunguka tu, nawe unampigia mtoa huduma kumwambia umeibiwa. Mara nyingi hujaibiwa. Zile 200 zimeingia ndani ya nyumba yako salama salimini, kisha zikapotelea kati ya sebule na chumba cha watoto.

Makala haya yanahusu kupotea huko. Yanahusu pia jambo ambalo mabango ya barabarani hayaligusi: kwamba badiliko kubwa linaloletwa nyumbani na faiba, uzi wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, haliko kwenye kupakua. Kupakua tulipakua hata kwa bando la simu, ilimradi mfuko uruhusu. Kipya ni kupakia, yaani kutoa vitu nyumbani kwenda nje kwa kasi ya kueleweka, usiku na mchana, bila kuhesabu MB. Nyumba yenye uwezo huo inafanya kazi ambazo zamani zilihitaji ofisi.

Kumbuka tulikotoka. Hadi katikati ya 2009, pwani kuanzia Kenya kushuka hadi Msumbiji haikuwa na mkongo wa baharini hata mmoja. Intaneti ilipanda setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Piga hesabu: swali linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, jumla kilomita 143,000 na ushei, na mwanga hauvuki kilomita 300,000 kwa sekunde. Karibu nusu sekunde imeshakwenda kabla seva haijaanza hata kukujibu. Ndiyo maana simu za intaneti za enzi hizo zilikuwa za "halo, unanisikia? Haya, sema wewe." Julai 2009 SEACOM ikawashwa, TEAMS ya kutoka Fujairah hadi Mombasa ikaja mwaka huohuo, EASSy ikafuata 2010. Ndani ya uzi wa kioo mwanga hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kebo ya kilomita 10,000 ni milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi. Maongezi yakawa maongezi. Ila mkongo ulifika ufukweni. Haukufika Tabata ya Dar wala Kayole ya Nairobi. Kuutoa ufukweni hadi mtaani, na kuutoa nguzoni hadi dirishani, ndiyo kazi iliyokula miaka iliyofuata.

Mwanga unavyogawanywa, na unakopotea

Aina ya mtandao inayotumika sana kwa faiba za majumbani inaitwa GPON. Uzi mmoja wa kioo hutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye boksi la juu ya nguzo, na humo kuna kigawanyo: kidude kisichotumia umeme kabisa, kinachopasua mwanga mmoja kuwa 32 au 64. Nyumba zote za kigawanyo hicho zinakula sahani moja. Uzi hubeba Gbps 2.488 (Gbps 1 ni Mbps 1,000) kushuka na 1.244 kupanda, kwa miale miwili isiyoonekana kwa macho: nanomita 1490 kuja kwako, nanomita 1310 kutoka kwako.

Gawanya sahani hiyo kwa nyumba 32 zikivuta zote kwa pamoja: kila moja inapata Mbps 77 kushuka na 39 hivi kupanda. Hiyo haimaanishi kwamba aliyekuuzia 200 ni tapeli, kwa sababu majirani 32 hawavuti kwa pamoja hata siku moja. Lakini kati ya saa mbili na saa nne usiku wanakaribia. Kama kasi yako inaporomoka saa hizo tu na alfajiri inarudi, usibadili ruta wala usibomoe ukuta. Foleni iko kwa mtoa huduma, ama kwenye kigawanyo chako ama kwenye njia yake ya kutoka. Mtandao wa kizazi kinachofuata, XGS-PON, una Gbps 10 pande zote mbili. Muulize anayekuuzia kama mtaa wako uko kwenye upi. Akikosa jibu, omba uongee na fundi.

Sasa hesabu ya mwanga wenyewe, ambayo ingewaokoa watu wengi kusubiri fundi wiki nzima. Nguvu ya mwanga hupimwa kwa dBm, na kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya mwanga imekwenda. Mashine ya mtoa huduma hutoa kama +3 dBm. Kigawanyo cha 32 kinakula desibeli 17: 15 za mgawanyo wenyewe, 2 za upungufu wa vitu vya dunia hii. Kilomita 5 za uzi zinakula 1.75 hivi. Viunganishi vinne njiani, tuseme 1.5. Kinachofika kwako ni −17 dBm, na hiyo ni afya njema. Ukiingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa kisanduku, namba hii utaikuta kwenye sehemu ya hali ya faiba. Kati ya −15 na −24, lala usingizi. Karibu na −27 kisanduku kinafika mwisho wa macho yake. Ukiona −26, huduma itafanya kazi leo na kufa siku upepo ukivuta kebo kidogo.

Nini kinashusha namba hiyo? Kwanza kukunja. Uzi ukikunjwa sana, mwanga huvujia nje ya kona badala ya kuifuata. Nyuzi za kisasa za majumbani zinavumilia kona kali, ila usizijaribu: kila duara la kebo ya faiba lisiwe dogo kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa. Kebo iliyogongewa msumari hadi ikabonyea, iliyobanwa na fremu ya mlango wa alumini, au iliyofungwa fundo ili "isining'inie" ni kesi za kila siku. Pili uchafu. Ncha ya kiunganishi ni kioo, na sehemu inayopitisha mwanga ina upana wa maikromita 9 hivi. Chembe moja ya vumbi ni jiwe katikati ya barabara. Ukichomoa, funika na kifuniko chake. Ikibidi kusafisha, tumia spiriti kali isiyo na maji na kitambaa kisichotoa nyuzi, kamwe si kona ya shati. Tatu, rangi. Kiunganishi cha kijani kimekatwa mshazari wa nyuzi 8, cha bluu kimekatwa wima. Vinaingiliana vizuri kabisa kwa mkono, taa inaweza hata kuwaka, lakini vioo havigusani sawasawa na mwanga mwingi unapotea hapo. Kijani kwa kijani, bluu kwa bluu.

Halafu kuna panya, malori yenye mizigo mirefu, wakata matawi, na watu wanaochoma taka chini ya nguzo. Hao hawana dawa ya nyumbani. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kabisa: hakikisha kiunganishi kimeingia hadi kikalia "tk", kisha piga simu. Kuzima na kuwasha mara kumi hakuungi kioo kilichokatika.

Jambo la usalama, kwa haraka: usichungulie ndani ya uzi, mwanga wake huuoni lakini jicho linaupata. Na fundi akimaliza kukata nyuzi, hakikisha ameokota vipande kwa utepe wa gundi. Ni sindano za kioo nyembamba kama unywele, na watoto wanatambaa sakafuni.

Sebuleni hadi chumbani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndipo wauzaji hawana hamu ya kuongea.

Wi-Fi ina njia mbili kuu. Ya GHz 2.4 inapenya ukuta vizuri, lakini nafasi yake ni finyu: chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na kwenye jengo la ghorofa utakuta ruta ishirini zinazigombania. Simu ya bei ya chini yenye GHz 2.4 peke yake na antena moja hukubaliana na ruta kwa Mbps 72 kwenye karatasi. Kwa kweli utaona 40 au 50 ukiwa karibu. Simu hiyo haitaonja 200 hata ukiibusu ruta. Njia ya GHz 5 ni pana, na simu ya kawaida yenye antena mbili inaweza kupata 500 na zaidi chumba kimoja na ruta, ila ukuta wa tofali za saruji unaikata vibaya, na kuta mbili zinaimaliza. Zege la ghorofa lenye nondo ni adui wa zote mbili. Vilevile kioo kikubwa cha kujitazamia, friji na tangi la maji.

Kwa hiyo ukinunua ruta ya bei mbaya yenye antena nane kama nungunungu na kuiweka kona ileile ya dirisha alikoiacha fundi, umenunua pambo. Hatua ya kwanza haina gharama: kitoe kisanduku nyuma ya televisheni, kiweke juu, kikae katikati ya nyumba. Fundi ataleta kebo hadi utakapo kama utamwambia kabla hajatoboa. Akishatoboa, subira yake imeisha.

Hatua ya pili ndiyo tiba: kebo ya mtandao ndani ya bomba hadi upande wa pili wa nyumba, na mwisho wake kifaa cha pili cha Wi-Fi. Vile vifaa vya kurudia mawimbi bila waya vinavyochomekwa kwenye soketi vinapokea na kutuma kwa redio ileile, hivyo kasi inapungua nusu kila mawimbi yanaporuka. Vinafaa kwa meseji. Kwa kazi, vuta waya. Kebo ya daraja la Cat5e inabeba Gbps 1 hadi mita 100, ya Cat6 pia. Kama unanunua upya, chukua Cat6 kwa sababu tofauti ya bei ni ndogo na kazi ya kupasua ukuta ni ileile.

Tahadhari mbili sokoni. Kebo nyingi za bei poa si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua waya kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha. Inakatika kwenye viungo, inapoteza nguvu kwa urefu, na ukiitumia kupeleka umeme kwenye kamera inapata moto. Ya pili: Gbps 1 inahitaji nyaya zote nane. Fundi anayebana nne tu, kwa uvivu au kwa kugawa kebo moja kwa vifaa viwili, amekufunga kwenye Mbps 100 milele. Mpangilio wa kawaida, kishikizo kikitazama chini, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili sawa. Kama kompyuta iliyochomekwa kwa waya inaganda kwenye 94 au 95 kila ukipima, usitafute mchawi: ama nyaya nne, ama mlango wa kifaa kimojawapo ni wa Mbps 100. Waya mzima wa Gbps 1 huonyesha 940 hivi, kwa sababu sehemu inayobaki ni bahasha za mtandao wenyewe.

Kwenda banda la uani au nyumba ya wapangaji, usipitishe waya wa shaba nje angani. Radi ikipiga jirani, waya huo unaleta umeme kwenye ruta zote mbili. Tumia kipande cha faiba na vifaa viwili vidogo vya kugeuza mwanga kuwa mtandao wa waya. Kioo hakipitishi umeme.

Na kabla ya kulalamika kwa mtu yeyote, pima kwa kompyuta iliyochomekwa kwa waya kwenye kisanduku chenyewe, Wi-Fi imezimwa. Namba hiyo ndiyo ya mtoa huduma. Tofauti kati ya hiyo na ya chumbani ni yako.

Umeme ukikatika

Uzuri wa kigawanyo kisichotumia umeme unaonekana siku ya giza. Mtaa mzima ukizimika, mwanga bado unafika dirishani mradi kituo cha mtoa huduma kina betri au jenereta. Kilichokufa ni kisanduku chako tu. Kisanduku na ruta kwa pamoja vinakula wati 10 hadi 15, chini ya taa moja ya zamani, kwa hiyo hakuna haja ya inveta ya nyumba nzima.

Kuna betri ndogo zinazotengenezwa kwa ajili ya ruta. Usidanganyike na namba ya nje. Iliyoandikwa mAh 10,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani: hiyo ni Wh (wati-saa) 37. Toa hasara ya kupandisha volti, unabaki na kama 30. Kwa wati 10 ni saa tatu. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 7, ina Wh 84, lakini ukiizoesha kuishusha chini ya nusu inakufa mapema, kwa hiyo hesabu 42. Ni saa nne na kidogo. Soma kibandiko cha chini ya kisanduku kabla ya kuchomeka: vingine ni volti 12, vingine 9, na plagi zinafanana kabisa. Volti 12 kwenye kifaa cha 9 ni moshi.

Mpangaji wa ghorofa, angalia jambo moja zaidi. Baadhi ya majengo yana faiba hadi chini tu, kisha swichi kwenye ngazi inayogawa kwa nyaya za shaba. Swichi hiyo inategemea umeme wa jengo. Betri yako itakuwa inawasha taa za bure.

Sasa kasi hii ya nini?

Tuanze na inakopotea bure. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 15 kwa picha ya 4K. Televisheni tatu kwa pamoja ni 45. Familia ya watu watano haiwezi kumaliza 100 kwa kutazama, hata wakikesha. Kifurushi cha 500 kinaonekana siku ya kupakua mchezo wa GB 50 tu: saa moja na dakika saba kwa Mbps 100, dakika kumi na tatu kwa 500. Kama hilo linatokea mara moja kwa mwezi, unalipia dakika ghali sana. Kati ya 500 yenye kupakia 20, na 100 yenye pande zote sawa, chukua ya pili bila kufikiri mara mbili. Tangazo huandika namba ya kupakua kwa herufi kubwa. Ya kupakia iulize kwa mdomo.

Chukua kazi ya mpiga video za harusi. Saa moja ya 4K kutoka simu nzuri ni kama GB 10. Kwa kupakia Mbps 10 ni saa mbili na dakika kumi na tatu, umeme usipokatika. Kwa 100 ni dakika kumi na tatu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mhariri anaweza kukaa Arusha na kamera ziko Dar, au kama lazima diski isafiri kwa basi. Vivyo hivyo studio ya muziki: nyimbo zinapelekwa kwa mchanganyaji sauti katika vipande visivyobanwa, na leo vinafika kabla chai haijapoa.

Msiba na ndoa kurushwa moja kwa moja kwa ndugu walioko Muscat, London au Minneapolis ni jambo la kawaida sasa. Picha safi ya 1080p inahitaji Mbps 5 au 6 kupanda, na unatakiwa kuwa na mara mbili ya hiyo ili ikiyumba isikatike wakati wa kuomba dua. Weka simu kwenye GHz 5 chumba kimoja na ruta, au bora kompyuta kwa waya. Wageni mia moja wakipewa nenosiri la Wi-Fi, matangazo yamekwisha. Waundie mtandao wa wageni wenye kikomo cha kasi.

Kamera za ulinzi zinafikia maana yake hapa. Kinasa picha kikiwa ndani ya nyumba, mwizi mjanja anaondoka nacho. Kamera moja ya 1080p yenye ubanaji wa H.265 inatumia kama Mbps 2. Nne ni 8, na hiyo ni GB 86 kwa siku ukirusha mfululizo. Ni nyingi hata kwa mwenye faiba, kwa hiyo panga irushe nje mwendo tu, au picha ya ubora wa chini mfululizo na ya ubora wa juu ibaki kinasani.

Nakala za picha na nyaraka ni matumizi yasiyo na mbwembwe na ndiyo ningeyaweka ya kwanza. GB 200 za familia kwa kupakia Mbps 10 ni saa 44. Kwa 100 ni saa nne na nusu, yaani ukiwa umelala. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe nje ya nyumba. Nje ya nyumba inaweza kuwa diski kwa shangazi aliyeko Mwanza mwenye faiba pia, na hapo hulipi kodi ya mwezi kwa kampuni yoyote.

Lakini kwa shangazi utakutana na ukuta mwingine. Watoa huduma wengi hawana anwani za mtandao za kutosha, wanaziweka nyumba nyingi nyuma ya anwani moja. Angalia anwani ya nje kwenye ruta: ikianzia 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya ukuta huo, na kufungua milango kwenye ruta hakutasaidia chochote. Njia ni tatu: ulipie anwani ya umma, utumie IPv6, mfumo mpya wenye anwani tele, kama pande zote mbili wanayo, au uweke handaki la WireGuard (njia ya siri kati ya nyumba mbili) linalopitia seva ndogo ya kukodi.

Tatizo jingine linakuja na kupakia kwenyewe. Simu ya nyumbani inaanza kupandisha picha, na papo hapo mkutano wa kazi unakatikakatika ingawa kupakua kuko wazi. Sababu ni foleni ndani ya ruta: paketi za sauti, yaani vipande vidogo vya data, zinasimama nyuma ya maelfu ya paketi za picha. Jaribu: anza kupakia faili kubwa, huku unatuma "ping", mwito mfupi wa kupima muda wa jibu, kwa seva ya karibu. Ikitoka milisekunde 8 ikafika 300, ndiyo hiyo. Ruta zenye OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, zina dawa ya kupanga foleni iitwayo CAKE: iwekee kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi yako halisi ya kupakia, na foleni inahamia mahali inapoweza kupangwa. Unapoteza kasi kidogo, unapata mikutano isiyoomba radhi.

Mpira je? Wanaohama kutoka dishi kwenda intaneti hushangaa siku ya Simba na Yanga: jirani wa kibanda umiza anapiga kelele za goli, kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Kasi haitibu hilo. Video ya moja kwa moja hukatwa vipande vya sekunde kadhaa, na kichezeshi hukusanya vipande vitatu hivi kabla ya kuanza. Vikiwa vya sekunde 6, tayari ni 18, bado hujaongeza muda wa kuandaa picha. Hata Gbps 10 utachelewa vilevile. Zima arifa za simu, funga dirisha.

Siku mkongo unapokatika

Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hizo kipimo cha kasi kinaweza kuonyesha 200 kamili, maana seva ya kipimo iko mjini hapahapa, huku tovuti ya Ulaya haifunguki. Na YouTube inaweza kwenda, kwa sababu nakala za video zinazopendwa huhifadhiwa ndani ya nchi, na watoa huduma hubadilishana mizigo ya ndani kwenye vituo kama TIX cha Dar es Salaam na KIXP cha Nairobi. Kwa hiyo pima mara mbili: seva ya nyumbani, kisha ya London au Frankfurt. Ya kwanza ikiwa nzima na ya pili mbovu, fundi wa mtaani hana la kufanya.

Ruta yenye nafasi ya laini ya simu itakuokoa kebo ya nguzo ikikatika. Haitakuokoa baharini, kwani minara ya simu inatoka kwa mikongo ileile. Anayetegemea intaneti kwa mshahara anahitaji njia isiyogusa mkongo huo. Setilaiti za chini kama Starlink, zilizoko kilomita 500 hivi juu na zilizoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, ni mojawapo pale zinaporuhusiwa.

Na kwa kuwa nyumba yako sasa ina kupakia kwa nguvu, wapo wengine wanaoitaka. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na vinasa picha vya majumbani duniani kote kwa kutumia manenosiri ya kiwandani tu, na Oktoba mwaka huo vikatumika kuiangusha Dyn, kampuni iliyokuwa ikiongoza majina ya tovuti kubwa za Marekani. Badili nenosiri la ruta na la kila kamera, zima usimamizi wa kutoka nje, na kamera ziweke kwenye mtandao wao peke yao.

Siku ya kufungiwa, basi, kabla fundi hajarudi kwenye pikipiki, mwambie afungue ukurasa wa hali ya faiba akuonyeshe dBm. Ikiwa chini ya −25, arudie kiungo palepale. Ana mashine begani na ngazi iko nguzoni. Ikiwa nzuri, iandike kwa kalamu ya maki ubavuni mwa kisanduku pamoja na tarehe, na kasi ya kupanda na kushuka iliyopimwa kwa waya. Miezi sita baadaye, huduma ikianza kuyumba, utapiga simu ukiwa na namba za kulinganisha.